Mama Mmoja Mwenye Namba Tisa

Siku ile ya Jumanne, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Kindu, tulikuwa watu wanne. Mimi. Mke mwenzangu, maana tuliolewa na mume mmoja, mume akafa, na sisi tukabaki katika kiwanja kimoja tukigombania kivuli na kuku. Binti yangu wa mwisho, ambaye posa yake ndiyo ilitukusanya. Na mtoto wa kaka yangu, fundi wa mashini, mwanaume mwenye mvi kwenye ndevu, aliyekuja kwa pikipiki na ordinateri yake, kompyuta ya kukunja, nzito kama tofali, ameifunga mgongoni kwa kitenge cha mke wake kama mtoto.

Wa tano hakuwepo, lakini alikuwa anaingia kila nusu saa kwa njia ya ujumbe: mchumba wa binti yangu. Aliuliza neno lile lile. Mmemupata?

Majina ya hawa wote ninayajua, na ya baba zao, na ya mama zao waliowanyonyesha. Sitayaandika. Jina la mtu ukitaka kuliweka mbele ya wageni unamwomba ruhusa kwanza, na wengine nitakaowataja humu siwezi tena kuwaomba.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni mama mmoja.

Jumapili iliyotangulia, wajomba wa mchumba walikuja na vikapu vyao kuzungumza mambo ya ndoa. Mchumba mwenyewe ni mtu wa upande wa Pangi, ananunua mchele Kibombo na kuupeleka kwa wachimbaji wa madini kule kwao. Kijana mwenye adabu, na anakula polepole. Mimi natazamaga mtu anavyokula. Shehe wa mtaa wetu alikaa katikati, na kabla ya neno lingine lolote akauliza swali analouliza kila mara.

“Watoto hawa walinyonya wapi?”

Kwa watu wengine jibu ni jepesi: kwa mama zao. Lakini watoto waliozaliwa wakati wa vita, jibu lao linatafutwa. Mimi nikasema ukweli. Wangu alinyonya kwangu miezi minne, kisha maziwa yangu yakakauka tukiwa njiani, akanyonya kwa mama mmoja wa porini, upande wa Pangi, mpaka akatembea.

Mjomba mkubwa wa mchumba akakohoa. Akasema wa kwao pia ni mtoto wa njia. Mama yake alikufa wakati wa kukimbia, baba akambeba kutoka mwanamke mmoja hadi mwingine akiomba ziwa, mwisho akampata wa kumlea katika kambi moja ya shamba kando ya mto mdogo, upande wa Pangi.

“Mwanamke gani?” shehe akauliza.

“Baba yake alikufa bila kutuambia.”

Kila mtu pale alifahamu. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na ndugu hawaoani. Shehe akafunga kalamu yake. “Mutafute huyo mama. Yeye mwenyewe aseme alinyonyesha nani na nani. Mpaka asikiwe, vikapu virudi nyumbani.”

Binti yangu aliokota glasi za wageni, moja baada ya nyingine, akazipeleka nyuma kuziosha. Aliziosha mara mbili. Nilimwona.

Sasa niseme huyo mama ni nani.

Vita vilipofika mjini, mume wetu alikuwa safarini na njia ya reli ilikuwa imekufa, hakuweza kurudi. Mke mwenzangu akasema haondoki, hawezi kuacha mashini yake ya kushona kwa askari wa watu. Mpaka leo tunabishana ni nani alikuwa na akili. Yeye ananiambia, “Ulikimbia na sufuria, ukaacha kifuniko.” Mimi namwambia, “Na wewe ulilinda mashini, wakala mbuzi mbele ya macho yako.” Basi nikavuka mto na watoto kwa mtumbwi hadi Alunguli, tukashika barabara ya Pangi pamoja na majirani, wote kwa miguu.

Kule njiani ndiko nilipojifunza kushika majina. Sikusoma mbali, mwaka wa tatu wa shule ya msingi tu, na karatasi hatukuwa nazo. Kila tulipopumzika niliita watu wote, na kila aliyeitwa hakujibu “niko hapa” tu. Alitakiwa kusema nani anatembea nyuma yake. Hivyo hata aliyelala chini ya mti alikumbukwa na wa mbele yake. Mpaka leo nikitaka kukumbuka mtu, namwanzia aliyekuwa mbele yake, na huyo ananionyesha wa nyuma.

Siku ya sita au ya saba maziwa yaliisha. Mtoto alivuta, akatazama uso wangu, akavuta tena. Hakulia sana, kilio kingekuwa afadhali. Tulifika kwenye kambi ya shamba la mpunga, vibanda vitano. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mlangoni mwa kibanda cha tatu akinyonyesha mtoto wake wa kiume. Alinitazama kifua, akamtazama mtoto wangu, akasema neno moja: “Leta.”

Ziwa la kulia lilikuwa la mwanawe, la kushoto la binti yangu. Hakubadilisha hata siku moja. Alisema mtoto akizoea upande wake hatagombana na mwenzake. Tulikaa kambini mpaka mpunga ulipovunwa mara mbili, na mimi nikamlimia, nikampikia, nikamfulia, na bado sijamlipa.

Baada ya vita nilikwenda kumwona kila mwaka, mpaka magoti yalipokataa. Siku hizi hana kijiji kimoja. Anamfuata mwanawe anayehama kutoka chimbo hadi chimbo. Ndiyo maana mchumba alipotaka kupanda pikipiki amtafute, tulimwuliza: uende wapi? Kamba iliyobaki ilikuwa simu. Mwanawe alimnunulia simu ndogo, lakini kule rezo, yaani mtandao wa simu, haishuki bondeni. Alhamisi anapokwenda sokoni anapita juu ya kilima, anakaa kwenye jiwe na kuwasha simu, anangoja nimpigie, kisha anazima ili batri ikae. Binti yangu alinunua simu yangu kubwa kwa sababu hiyo tu. Ndani yake kuna kalenda. Aliandika kila Alhamisi, “Mama ya maziwa, kilima”, na saa ikifika simu inalia. Ikilia, napiga. Saa yenyewe sikuwahi kuitazama. Na binti alikuwa anazungumza naye kwangu, kichwa chake kimegusa changu, kwa hiyo hakuona haja ya kuandika namba mahali pa pili.

Haya. Jumatatu, kesho yake ya vikapu kurudi, niliinama kuchota maji katika pipa nikiwa na haraka na mawazo, simu ikatoka kwenye fundo la kitenge changu ikaingia ndani. Niliitoa upesi. Tukaizika katika mchele wa mke mwenzangu.

“Mchele yangu imekuwa hospitali?” akauliza.

“Tutakurudishia.”

“Nani atakula mchele yenye kulala na maiti?”

Haikuwa maiti. Iliwaka, lakini nusu ya kioo, upande wa kushoto, ilikuwa nyeusi, na kidole ukikiweka pale hakisikiki. Ndipo tulipomwita mtoto wa kaka yangu.

Alisikiliza kwanza, kama daktari. Akaitoa kadi ya simu, akaiweka katika simu yake, akatikisa kichwa. “Shangazi, majina hayakukaa kwenye kadi. Yanakaa ndani ya simu yenyewe. Na kioo hiki hakitafika Ijumaa. Inafaa majina na kalenda vihamie kwenye ordinateri, leo hii.”

Akachomeka waya. Umeme ulitoka kwenye pano ya jua ya jirani. Ordinateri ikafikiri, ikaandika kitu kwa Kifaransa.

“Inasema nini?”

“Inasema haijui hiki ni kitu gani.”

“Si ni simu? Haioni?”

“Inaona kitu kimekuja mlangoni. Lakini ordinateri ni ya zamani, simu ni mpya. Hawasikilizani lugha.”

Hapo nikavuta kiti karibu. Nilidhani mashini zote ni za ukoo mmoja, kumbe nazo zina wageni na wenyeji. Nikamwuliza sasa inafanywaje. Akasema atatafuta wa kati. Ataiambia simu iandike majina yote katika barua moja, barua nyepesi ambayo kila mashini inaweza kusoma. Ataituma kwanza kwenye simu yake mwenyewe bila waya, kutoka pale ataiweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, na kadi ataiingiza kwenye ordinateri. Kalenda nayo itakwenda katika barua ya pili, peke yake.

“Kumbe mshenga,” nikasema.

“Njo hivyo, Shangazi. Mshenga.”

Kazi ilikuwa katika kile kioo. Alichokitaka kikiwa upande mweusi, aligeuza simu ilale, picha nayo inageuka, kile kitu kinahamia upande unaoona. Anakigusa upesi, anageuza tena. Alifanya hivyo mara nyingi, ametoa ulimi kidogo kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Mke mwenzangu, aliyesema amekuja kuchukua sahani yake tu, alikuwa amekaa.

Barua ya kwanza ikafika. Ordinateri ikaipokea bila maneno. Mtoto wa kaka yangu akapitisha macho, akasimama.

“Shangazi, mama zako ni wangapi?”

“Katika simu? Tisa.”

“Hapa naona Mama moja.”

“Moja yupi?”

“Mama. Mama moja mwenye namba tisa.”

“Mwanamke mwenye simu tisa!” mke mwenzangu akasema. “Uyo njo tajiri ya Kindu muzima. Mutupatie, atulipie mchele.”

Inabidi nieleze, na kosa ni langu, au ni la adabu yetu. Mtu mkubwa sisi hatumwiti kwa jina tupu. Binti yangu aliponiwekea watu katika simu aliniuliza, huyu tumwandike nani? Nikasema Mama. Na huyu? Mama. Na yule? Yule pia ni Mama, ungependa nimwite nani? Akaandika. Simu ilikubali, ikawaweka mmoja chini ya mwingine kwa jinsi walivyoingia, na mimi niliwajua kwa kuhesabu. Wa kwanza ni wa Kibombo. Wa pili ni mkunga. Wa tatu ni mama wa maziwa. Sikuhitaji zaidi.

“Sasa ordinateri imefanya nini?” nikauliza.

“Imeona jina moja mara tisa. Imefikiri umesahau, umemwandika muntu moja tena na tena. Basi imekusaidia, imewafunga pamoja. Na namba imezipanga kwa ukubwa, ndogo juu.”

“Imenisaidia!”

“Na Ndugu?” binti yangu akauliza.

“Ndugu moja. Namba kumi na ine.”

“Mukwe?”

“Moja.”

“Na Shangazi?”

“Moja. Shangazi, ukoo yote imekaa kwenye mukeka moja.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kwa sababu mashini haikukosea kabisa. Ukiuliza kwetu mama ni nani, ni wote. Lakini binti yangu hakucheka. Alikuwa ameshika ile simu yangu ili tuhesabu tena huko ndani, wa tatu kutoka juu, na alikuwa anaigeuza na kuigeuza. Upande uliokuwa unaona nao ulikuwa umezimika.

Watu hushangaa: wewe unayekumbuka kila jina, namba moja inakushinda? Inanishinda. Jina lina baba na mama, lina aliyelitoa na sababu ya kulitoa. Namba haina ukoo. Nitaishika wapi?

Basi tukaanza kupiga, kwa simu ya binti yangu, moja baada ya nyingine, sauti imefunguliwa.

Namba ya kwanza ilipokelewa Kibombo. “Nani amekufa?” ndiyo ilikuwa salamu.

“Hakuna aliyekufa, Mama.”

“Mbona unapiga siku ya kazi?”

“Tunatafuta mama mwingine.”

“Mimi nimekukosea nini?”

Ilibidi nikae naye kidogo, nimwulize habari za mpunga na za mguu wake. Ya nne ilikuwa ya mkunga, akatupa salamu za watu watatu. Ya tano ilikuwa ya shangazi wa mume wetu, ambaye haachi simu mpaka asome dua. Siku hiyo na kesho yake tuliwapata sita. Kila mmoja nilimtambua kwa pumzi, kabla hajasema “alo”. Zikabaki namba tatu ambazo sauti ya mashini ilisema ziko nje ya rezo. Mama wa maziwa alikuwa mmoja wa hizo tatu, na siku yake ni Alhamisi.

Barua ya kalenda ilikuwa imefika salama, haikufunga mtu na mtu. Mtoto wa kaka yangu alitusomea kwenye ordinateri: kila Alhamisi, saa tatu ya asubuhi, Mama ya maziwa, kilima. Binti yangu aliandika saa tatu kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Alhamisi tulikaa barazani mapema. Mtoto wa kaka yangu alikuja na ordinateri yake, alisema ni kwa ajili ya kuangalia tena namba, lakini nafikiri alitaka kujua mwisho. Saa tatu ilipofika katika simu ya binti, tukapiga. Ya kwanza, nje ya rezo. Ya pili, nje ya rezo. Ya tatu, nje ya rezo. Tukangoja kidogo, tukarudia. Tukarudia tena, mpaka nikatamani kumjua mama wa yule mwanamke anayesema ndani ya mashini.

Binti yangu akaweka simu juu ya goti, kioo kikatazama chini.

“Amehama, ao amekufa,” akasema. “Alhamisi hajawahi kukosa.”

“Ngoja.”

“Ningoje nini, Mama? Nitamwambia asitume tena ujumbe. Ni vizuri zaidi aache sasa kuliko tuoane, halafu siku moja muntu aje atuambie sisi ni ndugu.”

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imeisha. Akaanza kuandika. Mimi nilitazama uwanjani tu, na pale uwanjani kulikuwa na kitu kimekosekana, lakini sikujua ni nini. Mke mwenzangu alikuwa anatoka jikoni na mkeka chini ya kwapa.

“Wewe,” nikamwambia, “Alhamisi simu yangu ikilia, unakuwaga unafanya nini?”

“Nafukuza kuku zako kwenye mchele yangu.”

“Mchele iko wapi?”

“Katika gunia. Nitaanika sasa? Jua bado haijashuka kwenye uwanja.”

Nikamgeukia binti. “Usitume. Saa yangu bado.”

“Mama, iko saa tatu na robo.”

“Simu yangu inapolia, mchele imekwisha kuanikwa na huyu ameanza kunitukana. Leo hajanitukana bado.”

“Ukitaka naweza kuanza,” mke mwenzangu akasema.

Mtoto wa kaka yangu hakucheka. Alikuwa amefungua ordinateri, anatazama kona ya chini kabisa ya kioo, pale panapokaa saa ndogo. Akachukua simu ya binti, akaziweka karibu. Simu: saa tatu na robo. Ordinateri: saa mbili na robo.

“Mashini hii uliinunua wapi?” nikamwuliza.

“Kwa muntu aliyerudi kutoka Kinshasa.” Akajipiga paji la uso. “Shangazi! Inaishi saa ya Kinshasa. Kule wako nyuma yetu saa moja. Barua ya kalenda ilitoka huku saa ine, mashini ikaisoma kwa macho ya Kinshasa, ikatuambia saa tatu. Na mimi sikugeuza.”

“Kinshasa inachelewaka kila kitu,” mke mwenzangu akasema, akatandika mkeka.

Mambo hayo niliyawaza muda wote tuliongoja. Kwamba saa ile ile, ya mama kukaa juu ya jiwe, ina jina moja huku na jina lingine kule, na hakuna aliyesema uongo. Nilimwuliza mtoto wa kaka yangu maswali mengi. Jua linafika kule baadaye? Ndiyo. Na mashini ikipelekwa Kinshasa leo, itakuwa imesema kweli? Ndiyo. Alinijibu yote. Binti yangu alikuwa amekaa akitazama mchele ukikauka.

Kuku wa kwanza akaja. Mke mwenzangu akasimama, akasema maneno yake. Binti akapiga.

Namba ya kwanza, nje ya rezo. Ya pili ikaita.

“Alo? Nani anapiga siku yangu kwa namba ya mwingine?”

Nikataja jina langu, na jina la aliyekuwa akitembea mbele yangu njiani, na la aliyekuwa nyuma. Akacheka. “Ee, njo weye. Simu yako?”

“Ilianguka katika maji.”

“Na yangu ingeanguka. Nikiwasha tu, muke ya mwanangu ananipigia juu ya pesa ya mafuta. Mutoto iko?”

“Iko hapa, anakusikia. Dada, iko na jambo, na ninakuuliza mbele ya Mungu. Wakati ule wa kambi, mbali na mwanao na huyu wangu, ulinyonyesha mutoto mwingine?”

Tulisikia upepo tu wa kilimani. Tulidhani rezo imekatika. Binti alikuwa tayari na kidole.

“Kwa nini unauliza?”

Nikamweleza: mchumba, baba yake aliyembeba, kambi kando ya mto, swali la shehe. Hakuuliza ni baba yupi, nikajua anamjua.

“Alifika,” akasema. “Nyinyi mulikuwa shambani, siku za kufukuza ndege. Mwanaume na mutoto ndani ya shati. Nilimupokea. Alikuwa mwepesi, ni kama umeshika kuku ya kunyonyolewa. Nilifungua kitambaa.”

Binti yangu alishika mkono wangu.

“Mama mukwe akatoka. Akaniambia, maziwa yako ni ya wawili, ukileta wa tatu tutazika watatu. Nikamwambia, tone tu. Akasema, hakuna tone. Alinitoa mutoto mukononi, akamupeleka kibanda cha mwisho kwa dada ya bwana yangu, aliyekuwa na mutoto wake mukubwa anayekula tayari. Uyo njo alimunyonyesha. Mbele nyinyi murudi, akahama naye kwenye kambi ingine kando ya mto. Mimi sikumupa ata mara moja. Alilia, na mimi maziwa yakatoka yenyewe, yakalowesha nguo, na sikumupa. Tangu siku ile, weye, kila mutoto akilia namusikia yeye. Sikukuambia. Nilikuona unanipikia na kunishukuru, nikaona haya.”

Kuku waliachwa wale mchele.

“Mama,” binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Uliacha kumupa, njo maana naweza kuolewa naye.”

“Unasema nini? Rezo.”

“Nasema anaishi! Anakula vizuri! Anauza mchele!”

“Anauza mchele,” yule mama akasema. Kisha akarudia. “Mumuombe kwa jina langu. Mumuambie mama ya kibanda ya tatu anaomba musamaha.”

Simu ikakatika, batri yake au kilima, sijui. Binti alituma ujumbe wake, mwingine kabisa, mrefu, na jibu halikuja kwa maandishi. Mchumba alikuja mwenyewe, mbio, akasimama mlangoni, na alipoambiwa yote, hata lile la kitambaa, alikaa chini kwenye kizingiti. Akauliza kama huyo mama anaweza kusafiri kwa pikipiki, maana atakwenda kumtafuta, na msamaha atampa kwa mdomo, uso kwa uso.

Shehe alisikiliza. Aliniuliza mara mbili juu ya dada wa bwana, ambaye alikwisha kufa. Akasema: kijana alinyonya kwa dada, binti alinyonya kwa mke wa kaka, hao ni watoto wa ndugu, na watoto wa ndugu wanaoana. Vikapu vinarudi Jumapili. Ndoa ni Ijumaa inayofuata.

Haya ndiyo ninayoyakumbuka, na binti yangu ameyaandika kama nilivyoyasema, ila pale alipoona haya. Vibanda nimesema vitano. Inawezekana vilikuwa sita. Siku ya maziwa kuisha nimesema ya sita au ya saba. Hayo si kitu. Lakini wewe uliyekuwa katika kambi ile, au mama yako alikuwepo na akakusimulia, kama unajua kwamba mtoto yule aliyefika ndani ya shati aliwekwa kwenye ziwa la mwingine kuliko huyu niliyemtaja, hata mara moja, usiogope kwamba mimi ni mzee na nitaudhika. Nimekosea, uniambie. Uje nyumbani au upige, ila usingoje Ijumaa ipite.